Chupa ya Maji ya Katikati

Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Kibwana alikuwa amechoka na lile ziwa la chumvi linalonuka kama mayai viza. Alisema ziwa limekufa na mji utalifuata.

"Nionyeshe kiumbe hai kimoja tu," alimwambia mkewe, "nifungue mizigo."

Mwanakheri akampakia mtumbwini, akausukuma hadi kati, akashusha chupa kwa kamba. Hakuifikisha chini kwenye maji meusi. Aliizuia pale uvundo unapokutana na mwanga, akavuta uzi wa kizibo. Chupa ikapanda na maji ya zambarau.

"Rangi tu hiyo, Mama Saumu."

"Ngoja, Baba Saumu. Hawa ni vijidudu; wanakula huo uvundo unaoukimbia, na jua ndilo jiko lao."

Aliifunika chupa nusu kwa kanga. Wakangoja, magoti yakigusana. Alipoifunua, upande wa kivulini maji yalikuwa maangavu. Zambarau yote ilikuwa imehamia juani, imesongamana kama watu wa gulioni.

"Wanatembea," Kibwana akanong'ona.

Kivuli chake kiliangukia chupa. Akajivuta upesi pembeni, mtumbwi ukayumba, akawapisha jua.