Mipini Miwili

Tangu treni zigongane, mji mzima ulisema Mzee Shomvi ndiye aliyezielekeza kwenye njia moja. Bi Tausi, mchunguzi wa ajali, alipomkuta kwenye kibanda chake cha kazi pale stesheni, alimpa kiti na maji kwanza.

"Mkuu wa stesheni anataka niandike uzembe niende zangu," alimwambia. "Siondoki. Nionyeshe mkono wako ulivyokwenda."

"Nitafungwa, mwanangu?"

"Hilo sijui, baba. Nataka wajukuu zako wapande treni na wafike."

Mzee alisimama mbele ya mipini miwili ya chuma ya kubadilishia njia za treni, iliyofanana na kukaribiana kama pacha, mmoja upande wa ukuta na mwingine upande wa mlango. Alikaza macho dirishani, kama siku ile alipoitazama treni ikija, akanyoosha mkono nyuma. Akashika wa ukutani.

"Nilitaka wa mlangoni," alisema.

Bi Tausi alimsogeza kando taratibu. Akasimama palepale, macho dirishani, akautafuta wa mlangoni kwa mkono. Alipogeuka, vidole vyake vilikuwa vimeshika wa ukutani.

Nje, mkuu wa stesheni aliita kwamba treni ya mchana inangoja ruhusa.

"Ingoje," alijibu Bi Tausi, mkono wake ukiwa bado palepale kwenye chuma.