Kimya Kabla ya Ubeti wa Mwisho

Kabla ya ubeti wa mwisho, binti wa Mwalimu wa kwaya alinyamaza ghafla. Ukumbi mzima wa Kisumu ukatulia tuli, hata kikohozi hakikusikika.

Nakhungu, aliyesimama safu ya pili, aliinua kichwa. Kimya kile kilikuwa chake.

Alikuwa amesafiri mpaka Usenge, ufuoni mwa ziwa, kuwauliza wajane wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, kuhusu mashua iliyozama, ile inayoimbwa katika wimbo huo. Wakamwambia kwamba majina ya waliokufa yaliposomwa, hakuna aliyelia. Walinyamaza kwanza. Tangu siku hiyo, katika mazoezi yote Nakhungu alinyamaza kidogo kabla ya ubeti wa mwisho.

"Mama, unaharibu wimbo," Mwalimu alimwambia mbele ya kwaya yote. "Imba vile imeandikwa!" Akamnyang'anya sehemu ya kuimba peke yake kabla ya ubeti huo, akampa binti yake.

Sasa kijiti cha Mwalimu cha kuongozea kwaya kilimwelekea Nakhungu. Yeye ndiye aliyepaswa kuanzisha ubeti wa mwisho, wengine wafuate.

Kijiti kikashuka. Nakhungu akabana midomo.

Kikashuka tena. "Mama," Mwalimu alinong'ona, jasho likimtiririka hadi kwenye tai, "imba, tafadhali."

Nakhungu akaikunja karatasi yake ya nota, mara mbili, polepole.