Fisi-maji na Mto Alioukimbia

Mto ulipokauka, Fisi-maji, ambaye raha yake yote ilikuwa kuogelea, alifunga safari. Kobe, aliyekuwa akipanda matete kwenye chemchemi ya mto huo ili maji yarudi, pamoja na wanyama wachache waliojitolea, alimsihi abaki awasaidie.

“Kazi hiyo itanizeesha bure,” Fisi-maji akajibu, akaenda zake.

Miaka mingi alitangatanga katika madimbwi ya watu, na kila alipolala alisikia maji ya kwao yakinguruma. Siku moja akapata habari za mto uliojaa samaki, akaufuata. Alipofika alimkuta Kobe ukingoni, ndipo akatambua yuko wapi. Akaona haya kuyagusa maji.

“Ingia, ndugu yangu,” Kobe akasema. “Tumekuwa tukikungoja.”

Fisi-maji akazama, akalia humohumo majini, machozi yasionekane.