Jiwe la Nyati

Nyati, mbunge wa nyika, alizoea kufoka barazani: "Zahanati ya nini? Mnyama wa kweli hulamba kidonda chake akapona!"

Wanyama wadogo wakajijengea ya kwao, na Nungunungu akawa muuguzi.

Siku moja Nyati akachomwa na mwiba kisogoni, mahali ambapo ulimi haufiki. Akaja mbiombio, akaipita foleni, ambako kila mgonjwa alikuwa ameweka jiwe la kushikia nafasi.

"Jiwe lako liko wapi, Mheshimiwa?" Nungunungu akamuuliza.

"Mimi ni Nyati!"

"Nakuona. Jiwe je?"

Nyati akaokota jiwe, akaliweka nyuma ya la Panya, akangoja.

Zamu yake ilipofika, Nungunungu akamng'oa mwiba taratibu, kisha akasema, kichwa juu: "Hapa kwetu, Mheshimiwa, hata aliyetukataa tunamtibu. Ila kwa zamu."