Onyesho la Gizani

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani, polepole, kama maji yaliyotaka kuchemka yakaghairi. Kisha kijiko kwenye kikombe. Kisha kimya.

Hakuna aliyekohoa.

Mwanamuziki alishusha pumzi. Miguuni pake binti yake wa miaka sita alikuwa ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili, akingoja zamu yake ya kudondosha matone kwenye beseni. Mtoto huyu! Ndiye msikilizaji pekee aliyembakia miaka yote mitatu.

Wengine walikwishamchoka. "Masufuria hata mimi ninayo, mdogo wangu," dada yake alizoea kumwambia. "Nani atoke kwake kwenda kusikiliza jiko la mwenzake?" Naye promota hakuwa na neno jingine: "Weka ngoma, dada! Weka kiitikio! Watu wanataka kukata viuno!"

Alikataa katakata. Akiweka ngoma, atakuwa nani tena? Atakuwa kama wale wengine wote. Promota akamwacha kwenye mataa.

Ndipo wiki iliyopita simu ikaita.

"Dada, yaishe. Njoo na masufuria yako hivyo hivyo. Ukiongeza hata kayamba, mkataba umevunjika!"

"Na giza langu?" Siku zote alitaka watu waingie taa zikiwa zimezimwa, macho yasije yakayaibia masikio.

"Giza ndiyo kabisa! Na viti tunaondoa. Watasikiliza wamelala chali."

"Kiingilio je?"

"Bure. Mfadhili yupo."

Alilia palepale jikoni, akajifutia gauni la mtoto.

Na leo mchana, nyuma ya mapazia mazito, alikuwa amewasikia wakiingia. Walivua viatu mlangoni, wenyewe, kama watu waingiao mahali pa heshima. Katikati ya onyesho mzee mmoja alinong'ona, "Mama watoto, huwezi kuamini. Mgongo wangu umenyamaza."

"Shhh! Na wewe nyamaza basi."

Moyo wa mwanamuziki uliruka. Muziki wake ulikuwa umefika mpaka mgongoni!

Binti alidondosha tone la mwisho. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyeguna. Mahali fulani mtu alivuta pumzi ndefu, tamu, akairudisha. Kweli mvumilivu hula mbivu, aliwaza mwanamuziki, machozi yakimlenga. Watu mia nzima, naye hakuwa ameuza hata tone moja la nafsi yake.

Taa zikawaka. Promota alikuwa tayari katikati ya ukumbi, kipaza sauti mkononi, meno yote nje.

"Jamani, msiinuke kwanza!"

Binti alisimama, akaangaza macho huku na huku.

"Mama," akasema kwa sauti, "magodoro yote yamebandikwa bei."