Ini la Kidoti

"Bi Mwanaheri, nikija Ijumaa hicho kijibwa kisipoketi kikiambiwa, mtahama wote wawili," alisema mwenye nyumba.

Bi Mwanaheri akachemsha ini, akamkatia Kidoti pande lililolingana na kichwa chake, kwani kumpa kiumbe wa Mungu kipande kidogo aliona ni uchoyo. Kidoti akala, akashiba, akalala. Somo likaishia hapo, siku tatu mfululizo.

Alhamisi akashusha pazia majirani wasimwone, akalikatakata ini kama punje za mchele. Kidoti akaketi mara ishirini.

Ijumaa mwenye nyumba akaingia, harufu ya ini ikampokea mlangoni.

"Keti!" Bi Mwanaheri akaamuru.

Kidoti akaketi. Mwenye nyumba naye akaketi, macho kwenye kisahani, mdomo wazi.