Kamati ya Jaa Mlangoni kwa Kaa

Wanyama wa kisiwa kimoja walichoka kukanyaga makumbi na maganda kila njia, wakaunda kamati ya kupanga jaa la miaka thelathini ijayo. Vikao vikawekwa mlangoni kwa Kaa, maana ndipo palipokuwa safi kuliko kwingine kote. Kaa akavimba kichwa kwa heshima hiyo.

Mwenyekiti alikuwa Kima, na Kima hazungumzi na njaa. Kila kikao wajumbe walikunywa madafu, wakala maembe na ndizi, na mabaki wakayaacha papo hapo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, na haya maganda je?" Kaa aliuliza siku ya kwanza.

"Hayamo kwenye ajenda, Bwana Kaa. Sisi tunapanga ya mbele."

Kikao cha pili akauliza tena, akaambiwa avute subira. Kufika cha nne, lundo la mabaki lilikuwa limemfunika Kaa, zikabaki kuonekana ncha za macho yake tu.

Kikao cha saba, Kima alipanda juu ya lundo ili wajumbe wote wamwone, akasoma mpango: "Jaa litakuwa kule kwenye majabali, na litachukua miaka thelathini kujaa!"

Makofi yakarindima. Lundo likatikisika, Kaa akachomoza na ganda la ndizi kichwani.

"Hongereni, waheshimiwa. Kazi ya miaka thelathini mmeimaliza kwa vikao saba."

Wajumbe wakatazama pale walipokalia. Kima akajikuna kidevu weee.

"Hili zito," akasema mwishowe. "Linataka kikao cha dharura. Madafu ataleta nani?"